Alama Kumi kwa Saa Sabini na Tano

Somo la takwimu lenye krediti 12 linamdai mwanafunzi saa 120. Hesabu hiyo haikutungwa na mhadhiri mkali. Imo katika utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, unaochukulia krediti moja kuwa saa kumi za kujifunza. Muhula ukiwa wa wiki 15, na mihadhara ikichukua saa tatu kwa wiki, darasani zinaishia saa 45. Zile 75 zilizobaki ni za mwanafunzi mwenyewe: semina, maktaba, mazoezi, na ile kazi anayopewa Jumatatu akatakiwa aikabidhi Ijumaa.

Wachache wanajua habari za saa hizo. Ukiwakuta wanafunzi waliopanga vyumba Buswelu, kata yenye makao makuu ya Manispaa ya Ilemela jijini Mwanza, mazungumzo ya takwimu huanzia kwingine kabisa: “CA ngapi?” Yaani alama za muhula. Wengine ni vijana wanaokwenda chuo asubuhi kwa daladala na kurudi usiku. Wengine ni watumishi wanaosoma jioni ili wapande daraja kazini. Mwanza ina vyuo vya kutosha: SAUT iko Malimbe upande wa Nyegezi, CBE na IFM zina kampasi zao, Bugando ina chuo kikuu cha afya. Kozi zinatofautiana, lakini anayesoma biashara, mipango, sosholojia au uuguzi atakutana na takwimu kabla hajavaa joho. Hilo halina mjadala, ingawa wako waliochagua sosholojia wakidhani wameikimbia hesabu.

Vyuo vingi nchini hugawa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho, ambao wanafunzi wanauita UE. Vipo vinavyogawa 30 kwa 70. Katika ngazi ya shahada A huanzia 70, B+ huanzia 60, B 50 na C 40. Aliyetokea astashahada hushangaa, kwa sababu kule A ilianzia 80. Kila daraja lina pointi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Pointi huzidishwa kwa krediti za somo, zikajumlishwa, kisha zikagawanywa kwa krediti zote, na hapo ndipo inapotoka ile GPA inayoandikwa kwenye cheti. Kwa mwaka wenye krediti 120, kuteleza kutoka B+ hadi C katika somo moja la krediti 12 kunapunguza GPA ya mwaka kwa 0.2. Inaonekana ndogo, ila kwa aliyekuwa na 3.5, mlango wa daraja la pili la juu, hiyo 0.2 inamrudisha 3.3 na kumweka nje ya mlango.

Kwa hiyo kila mtu anapiga hesabu. Mwenye 28 za muhula anajua akitaka B+ atafute 32 kati ya 60, na akitaka A atafute 42. Katika baadhi ya vyuo anatakiwa pia awe na kiwango cha chini cha CA, ndipo aruhusiwe kuingia chumba cha mtihani. Ajabu ni kwamba mwanafunzi anayedai takwimu ni ngumu hukokotoa haya yote kichwani, tena bila kalkuleta.

Ukizifungua zile 40 utakuta mambo ya kufikirisha. Mgawanyo mmoja unaoonekana mara nyingi ni majaribio mawili ya alama 15 kila moja na asaimenti ya alama 10. Basi kazi ya nyumbani, ambayo pamoja na maandalizi yake ndiyo inayokula sehemu kubwa ya zile saa 75, ina alama 10 kati ya 100. Sehemu kubwa ya muda wa somo inalipwa sehemu moja ya kumi ya alama. Mwanafunzi akiona hivyo anafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya: anautafutia muda wake soko bora. Anakwenda kutafuta mitihani ya miaka iliyopita, na asaimenti anawaachia wenzake.

Wenzake wapo, kwa sababu asaimenti nyingi za takwimu ni za vikundi. Majina kumi kwenye ukurasa wa mbele, na kila jina na namba yake ya usajili. Ndani, kwa kawaida, wamefanya kazi wawili. Wa tatu amechangia hela ya stationeri, wa nne amebeba kazi hadi ofisini kwa mhadhiri, na waliobaki wameandika “nawashukuru sana ndugu zangu” kwenye kundi la WhatsApp. Haki itendeke hata hivyo: mhadhiri naye ana sababu zake. Darasa la watu 300, kila kazi ikisahihishwa kwa dakika kumi, ni saa 50 za kalamu nyekundu. Wakipangwa kumi kumi, saa zinashuka hadi tano. Asaimenti ya kikundi mara nyingi haizaliwi na falsafa ya ufundishaji. Inazaliwa na wingi wa karatasi.

Hapa takwimu yenyewe ina neno la kusema juu ya alama zake. Kinachoamua nani awe juu na nani awe chini si uzito wa kipengele peke yake, bali pia jinsi alama zake zinavyotawanyika. Vikundi vyote vikipata kati ya 8 na 9 kwa 10, kazi ile haimtenganishi mtu na mwenzake hata kidogo. Ni kama kila mmoja amewekewa alama 8 mfukoni. Mtihani wa mwisho, ambao mmoja hupata 15 na mwingine 52 kati ya 60, ndio unaopanga safu nzima. Kwenye karatasi ya mpango wa somo imeandikwa asilimia 10. Katika kumpambanua aliyeelewa na asiyeelewa, asaimenti ya namna hiyo ina uzito unaokaribia sifuri.

Je, kazi ya nyumbani ya takwimu inaweza kuwa na faida kuliko hiyo? Chukua swali ambalo mhadhiri wa Mwanza hana haja ya kuliazima kwenye kitabu cha Marekani. Sensa ya Agosti 26, 2012 ilihesabu watu 343,001 katika Ilemela. Sensa ya Agosti 23, 2022, ile ya vishikwambi, ilihesabu 509,687. Idadi imekua kwa asilimia ngapi kwa mwaka?

Jibu la haraka linakuja hivi: ongezeko ni watu 166,686, sawa na asilimia 48.6, gawanya kwa miaka kumi, upate 4.86. Ni jibu safi, limepigiwa mistari miwili chini, na si sahihi. Watu waliohamia mwaka 2013 nao wameongeza wengine kabla ya 2022, hivyo ukuaji unajizidisha juu ya ukuaji. Namba ambayo ukiizidisha yenyewe mara kumi inaigeuza 343,001 kuwa 509,687 ni 1.04 na ushee. Ukuaji ni kama asilimia 4.0 kwa mwaka.

Tofauti ya 4.9 na 4.0 inaonekana ya kitoto mpaka lifuatie swali la (b): kadiria idadi ya watu wa Ilemela mwaka 2032 ikiwa kasi haitabadilika. Aliyetumia 4.86 na kuikuza mwaka hadi mwaka atafika karibu watu 819,000. Aliyetumia kasi sahihi atafika karibu 757,000. Kati yao kuna watu 62,000 hivi ambao hawapo, lakini ambao mpango ukifuata namba ya kwanza watajengewa madarasa, watachimbiwa visima na kupangiwa dawa. Katika kata kama Buswelu, ambako nyumba mpya zinapanda vilima kila msimu, swali hilo si la kubuni.

Sasa lisahihishwe. Mhadhiri anayetazama jibu la mwisho tu atampa sifuri aliyeandika 819,000 katika (b). Mwenye mwongozo mzuri wa usahihishaji hafanyi hivyo. Anatenga, tuseme, alama za kanuni, za kuweka namba mahali pake, za jibu, na mbili za maelezo. Kosa la (a) limekwisha kukatwa katika (a). Katika (b) mwanafunzi amerithi namba mbovu, lakini njia aliyopita ni sahihi, basi anapata alama za njia. Na yule aliyenakili 757,000 kutoka WhatsApp bila hatua hata moja, jibu lake ni sahihi ila anaambulia alama moja. Wanafunzi wengi hulalamikia jambo hilo mbele ya mlango wa ofisi: “Mbona jibu langu ni lilelile la fulani?” Ni kweli. Alama hazikuwa kwenye jibu.

Zile alama mbili za maelezo ndizo zinazopotea kuliko zote, nazo ndizo takwimu yenyewe. Mfano wa pili uko majini. Kanuni za uvuvi nchini zinakataza kuvua sangara mwenye urefu chini ya sentimeta 50. Tuchukulie swali la darasani linasema samaki walioshushwa mwaloni wana urefu wa wastani wa sentimeta 55, na mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi wanavyotofautiana na wastani huo, ni 5. Mwanafunzi anatoa 55 kutoka 50, anagawa kwa 5, anapata hasi 1, anafungua jedwali la nyuma ya kitabu na kuandika 0.1587. Amemaliza. Ukimuuliza 0.1587 ni nini, anakuambia ni jibu.

Ni samaki 16 katika kila 100, na hao hawakupaswa kuvuliwa. Mchepuko ukiwa 10 badala ya 5, wastani ukabaki uleule wa kuridhisha, wanakuwa 31. Sentensi hiyo moja inamwambia mkaguzi wa uvuvi, mwenye mtumbwi na mnunuzi wa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba jambo ambalo wastani peke yake unaficha. Mhadhiri anayeipa alama mbili kati ya kumi anawafundisha wanafunzi wake, bila kukusudia, kwamba ni pambo.

Lakini sentensi hiyo inatakiwa iandikwe kwa Kiingereza, na hapo kuna shida ambayo mjadala wa “hesabu ngumu” hauigusi. Mwanafunzi aliyekokotoa vizuri, na ambaye akipewa nafasi angelieleza jambo kwa Kiswahili hadi bibi yake aelewe, anafika mstari wa mwisho na kukwama. Dawa aliyoigundua ni kukariri. Kuna sentensi moja ya Kiingereza ya kukataa nadharia tete na nyingine ya kutoikataa. Anazihifadhi kama kiitikio na kubandika mojawapo kila mahali, swali liwe la samaki, la mishahara au la malaria. Msahihishaji aliyechoka anaweka alama ya vema. Wahadhiri wanaoruhusu mjadala wa semina ufanyike kwa Kiswahili kabla ya kuandika wanaona tofauti, na ni vigumu kuelewa kwa nini si wote wanaofanya hivyo.

Hesabu nayo ina lake, hakuna haja ya kuficha. Katika mtihani wa kidato cha nne, ufaulu wa Hisabati miaka ya karibuni umekuwa ukizunguka robo ya watahiniwa au chini yake. Wengi wanaingia chuoni wakiwa wamebeba F ya somo hilo na woga uliokomaa. Mhadhiri akianza wiki ya kwanza na alama za kujumlisha za Kigiriki, nusu ya darasa imeshahama kimoyomoyo. Mwongozo wa Chama cha Takwimu cha Marekani kwa kozi za utangulizi vyuoni, uliotolewa 2005 na kurekebishwa 2016, unashauri kutumia data halisi, kusisitiza maana kuliko ukokotoaji, na kuiachia kompyuta kazi ya kompyuta. Si lazima ushauri wa Marekani uchukuliwe mzimamzima. Ila data halisi Mwanza haina uhaba.

Ushahidi mmojawapo umeandikwa katika vitabu vya takwimu za afya duniani. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza, ukiongozwa na Heiner Grosskurth pamoja na watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba NIMR, shirika la afya AMREF na chuo cha tiba za kitropiki cha London. Jamii 12 zilipangwa kwa jozi sita. Katika kila jozi, moja ilipata huduma bora za kutibu magonjwa ya zinaa na nyingine ikasubiri. Kila jamii ilitoa watu wazima kama 1,000 wa kufuatiliwa. Baada ya miaka miwili, kati ya wale ambao mwanzoni hawakuwa na virusi vya UKIMWI, walioambukizwa walikuwa asilimia 1.2 upande wa huduma na asilimia 1.9 upande wa pili. Matokeo yalitangazwa kuwa maambukizi mapya yamepungua kwa kama asilimia 40.

Hiyo ni asaimenti ya wiki tatu, na haina jibu la kunakili. Imekuwaje tofauti ya 1.9 na 1.2, ambayo ni pungufu ya moja, iitwe asilimia 40? Kwa sababu 0.7 ni zaidi ya theluthi ya 1.9, na watafiti waliposawazisha tofauti nyingine za jamii hizo ikafika 42. Namba zote mbili ni za kweli, na mwandishi wa habari asiyezitofautisha atawapotosha wasomaji. Je, sampuli ilikuwa watu 12,000? Mwanafunzi wa haraka anasema ndiyo. Lakini kilichopigiwa kura ya nasibu ni jamii, si mtu mmoja mmoja, kwa hiyo nguvu ya ushahidi inatokana na jozi sita, na hesabu ya kawaida ya darasani ingeipa imani iliyopitiliza. Na je, jambo liliishia hapo? Tafiti za Rakai na Masaka, Uganda, zilizofuata hazikupata upungufu kama huo. Wataalamu walieleza kwamba sababu mojawapo ni hatua ambayo janga lilikuwa limefikia kila mahali. Swali la namna hiyo linasahihishwaje? Kwa shida. Linahitaji kusomwa neno kwa neno, na hapo tunarudi kwenye zile saa 50 za kalamu nyekundu.

Mashine zimeongeza utamu na uchungu. Zamani kidogo kizuizi kilikuwa programu ya SPSS, ambayo leseni yake ni ghali na iliyozoea kuzunguka kwa flashi. Programu ya R haina gharama na inatosha kwa kila kitu kinachofundishwa shahada ya kwanza, ingawa bado haijapendwa. Tangu mwisho wa 2022 imeingia akili mnemba: mwanafunzi anapiga picha swali kwa simu, anapata hatua zote na sentensi ya mwisho kwa Kiingereza kilichonyooka. Asaimenti ya aina ya zamani imekufa hapo hapo, hata kama mazishi hayajatangazwa. Baadhi ya wahadhiri wamejibu kwa kurudisha kila kitu kwenye majaribio ya darasani. Njia ya busara zaidi ni kumpa kila mtu data yake, kwa mfano namba zinazotokana na tarakimu za mwisho za usajili wake au nauli alizozikusanya mwenyewe kituoni, kisha kumwita dakika tatu aeleze alichoandika. Dakika tatu kwa watu 300 ni saa 15. Si bure, ila ni nafuu kuliko 50, na kila mtu anajitetea kwa mdomo wake.

Anayeanguka hukutana na sapu, mtihani wa marudio, ambao akifaulu kwa kawaida anaandikiwa C hata kama amepata 80. Sapu ikishindikana, somo linabebwa hadi mwaka ufuatao, au kama mengine yamefuatana nalo, mtu anadisko, yaani anaondolewa chuoni, na kurudi nyumbani. Takwimu ina sifa mbaya katika orodha za sapu, na sehemu ya sifa hiyo inatokana na asaimenti zilizomfanya mtu aamini yuko salama. Mwenye CA ya 30, ambayo 9 kati yake ni za kikundi asichokumbuka kilikutana wapi, anaingia kwenye UE akiwa na ujasiri wa mtu mwingine.

Mwishoni mwa mwaka huja fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, na ofisi za halmashauri ni miongoni mwa mahali ambapo wanafunzi huomba nafasi. Katika ofisi kama zile za Buswelu, idara za mipango, elimu na afya zinaishi kwa takwimu: wanafunzi wangapi kwa dawati, wajawazito wangapi walihudhuria kliniki, kaya ngapi zina maji. Kijana aliyepata A ya takwimu anakabidhiwa daftari la kituo cha afya lenye miezi miwili isiyojazwa, na hakuna swali lililoandikwa juu yake. Hakuna aliyempa wastani wala mchepuko. Inabidi aamue mwenyewe kama nafasi iliyo wazi ni sifuri au ni taarifa iliyokosekana, na uamuzi huo unabadilisha jedwali zima. Msimamizi wa kazini atamjazia fomu ya alama itakayorudi chuoni, na mara nyingi hatamuuliza kanuni hata moja. Atataka kujua asilimia iliyoandikwa kwenye ripoti ni ya watu wangapi, wa mwaka gani, na namba zimetoka wapi.